Yatima Aliye Nyumbani mwa Ndugu

Katika nyumba nyingi zinazopokea gazeti hili yumo mtoto asiyezaliwa humo. Baba yake alikufa, au mama yake, au wote wawili, na siku ya kumaliza matanga wazee walikaa wakaulizana, "Mtoto huyu atakwenda kwa nani?" Ndipo bibi, au shangazi, au baba mdogo akajibu, "Nipeni mimi." Mwezi huu twataka kusema habari za jibu hilo. Kulitamka ni kazi ya dakika moja, bali kulitimiza ni kazi ya miaka mingi.

Desturi hii ni ya kale. Katika Maandiko twasoma ya kuwa Esta, aliyekuja kuwa malkia, alikuwa yatima, naye alilelewa na Mordekai, jamaa yake. Na katika Tanzania desturi hii ilijaribiwa sana huko Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi hiyo, mwaka 1983. Ugonjwa ule uliwachukua hasa watu walio katika umri wa kuzaa na kulima, wakabaki wazee na watoto wadogo. Bibi aliyetazamia kulishwa na wanawe aliwazika wanawe, kisha akashika jembe tena, akaingia migombani ili awalishe wajukuu. Dawa za kupunguza nguvu za virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Walakini kwa nyumba nyingi zilikuwa zimechelewa.

Wako watu waonao nyumba ya bibi maskini wakasema, "Afadhali watoto hawa wapelekwe katika makao ya yatima, au wapewe walezi wa kambo wenye uwezo." Twawaheshimu walezi wa kambo walio wema, nao wahitajiwa sana pale ambapo mtoto hana ndugu, au ndugu zake wanamtesa. Lakini mtoto abakiye kwa bibi yake hubaki na jina la ukoo wake, na lugha yake, na ndugu zake wa tumbo moja, na mtu wa kumweleza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Vitu hivi havinunuliwi. Kwa hiyo Umoja wa Mataifa, katika miongozo ya malezi iliyokubaliwa mwaka 2009, ulisema ya kuwa umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika jamaa yake. Umaskini ni sababu ya kuisaidia jamaa hiyo.

Jambo hilo limeonekana kwa matendo huko huko Kagera, katika wilaya ya Muleba. Tangu mwaka 2003 shirika liitwalo Kwa Wazee limewapa wazee, na wengi wao ni mabibi wanaolea wajukuu, fedha kidogo kila mwezi. Taarifa ya kazi hiyo iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina la vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Tazameni jinsi vilivyo vidogo! Hata hivyo, mtoto akivikosa hula chakula kisicho na ladha, huchekwa kwa nguo chafu, na mwisho huacha shule.

Basi, tumewasifu ndugu. Sasa yatupasa kusema neno zito zaidi, maana damu peke yake haitoshi. Ziko nyumba ambazo mtoto wa marehemu huamka kabla ya wote kuchota maji, naye hula baada ya wote. Watoto wa nyumbani wakiumwa hupelekwa kwa mganga siku ile ile. Yeye huambiwa angoje kesho. Hapigwi, wala hafukuzwi, na majirani husema, "Mtoto yule amepata bahati." Lakini amekuwa mtumishi asiye na mshahara.

Methali yasema, "Yatima hadeki." Methali hii yaeleza mambo yalivyo, haikuwekwa iwe sheria ya nyumba zetu. Mtoto asiyeomba kitu huenda hakuridhika. Huenda amejifunza tu ya kuwa kuomba ni hatari. Mama mwenye nyumba, angalia jioni, wakati wa kupakua. Ni nani asemaye ya kuwa mchuzi hauna chumvi? Ni nani alalamikaye ya kuwa ndizi zake ni chache? Kama ni wanao tu, na yule mwingine anyamaza siku zote, basi ujue ya kuwa hajafika nyumbani bado, ijapokuwa amelala kwako miaka mitatu. Siku atakaponuna na kudai zaidi, usikasirike upesi. Siku hiyo amekuamini.

Tena liko jambo la mali. Baba mdogo apokeaye mtoto pamoja na shamba la marehemu ni mlinzi wa shamba, si mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yakataza mtu kumnyima mtoto manufaa yake katika mali ya mzazi wake. Yafaa mali yote iandikwe mapema mbele ya wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji, na mtoto aambiwe, apatapo akili, shamba lile ni la nani. Hivyo hata mlezi mwaminifu huokoka na maneno ya watu.

Nanyi walimu, ninyi mwaona yasiyoonwa na wengine. Mtoto asinziaye kila asubuhi, msimpige kwanza. Mwulizeni ameamka saa ngapi, na kwa kazi gani. Kisha mwendeni mlezi wake kwa adabu, maana labda ni bibi aliyechoka, ahitajiye msaada kuliko lawama.

Na sisi sote tulio majirani, tusingoje shirika litoke mbali. Kipande cha sabuni, siku moja ya kulima katika shamba la bibi, daftari moja kwa mjukuu: haya twayaweza. Mtu aliyesema "Nipeni mimi" alisema mbele yetu, nasi tuliitikia. Basi mzigo ule ni wetu pia.