Sarf Mpakani: Kutoka Dinari za Talha Hadi Sarafu Isiyo na Benki Kuu

Mfanyabiashara atokaye Nyabusozi kwenda kuuza maharage mpakani huelekea Kabanga, ambako ng'ambo ni Burundi, au Rusumo, ambako ng'ambo ni Rwanda. Akilipwa faranga, naye anataka shilingi, basi ameingia katika mlango wa fiqhi uitwao sarf, yaani kubadilishana fedha kwa fedha.

Fedha za aina mbili zaweza kuzidiana kiasi, lakini sharti kila upande upokee kabla ya kuachana. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Malik bin Aws alitaka kubadilisha dinari mia moja. Talha bin Ubaydillah akaipokea dhahabu, akawa anaigeuzageuza mkononi, kisha akamtaka angoje mpaka mtunza mali wake arudi kutoka Ghaba. Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa akisikia. Akamkataza Malik asiachane naye mpaka apokee, na akataja katazo la Mtume (s.a.w.). Tazama, ndugu msomaji: Talha ni Swahaba mwaminifu, wala hakuna aliyemtuhumu! Basi itakuwaje kwa mtu wa mpakani asemaye, "Nipe faranga, shilingi nitakurushia jioni"?

Kutuma fedha ni jambo jingine, nalo si geni. Ibn Zubayr alikuwa akipokea dirhamu za watu Makka, kisha akawaandikia kwa nduguye Mus'ab huko Iraq ili walipwe. Wanazuoni waliiita suftaja. Wapo walioichukia na wapo walioiruhusu.

Simu imeziunganisha hukumu hizi mbili. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo iliwezesha shilingi kutoka Tanzania na kuingia Rwanda zikiwa faranga: hapo mna kutuma na mna sarf. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao cha Jeddah mwaka 1990, ilikubali kwamba kuingizwa fedha katika akaunti ya benki ni kupokea kihukumu. Kwa kiasi cha hayo, pesa iliyokwisha kuingia katika simu imepokewa.

Sarafu isiyo na benki kuu, kama Bitcoin iliyoanza mwaka 2009, ina ugumu zaidi. BitPesa, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2013, iliitumia kama daraja: shilingi zikawa bitcoin, bitcoin ikawa fedha ya nchi nyingine. Ni sarf mara mbili. Na daftari la Bitcoin huandikwa kila baada ya dakika kumi hivi. Kabla ya hapo, kwa maoni yetu, hakuna kupokea.

Wengine huipinga kwa kuwa haishikiki. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani salio la simu nalo halishikiki. Lenye uzito ni gharari: Novemba 2021 bitcoin moja ilifika dola 69,000 hivi, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Shawki Allam, alipokuwa Mufti wa Misri, aliiharamisha. Majmaa, ilipokutana Dubai mwaka 2019, iliahirisha uamuzi. Mwaka huohuo Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi, ingawa mwaka 2024 malipo ya mali za kidijitali yaliwekewa kodi ya asilimia 3.

Wala tusichanganye. Bei ya maharage yenyewe yaweza kucheleweshwa kwa makubaliano na muda unaojulikana, kwani hayo ni mauzo ya deni, nayo ni halali. Kisichocheleweshwa ni faranga kwa shilingi.