Vitu vya Hatari na Vitu Vilivyokatazwa: Lugha ya Kifungu Kimoja cha Mkataba

Utangulizi

Wanafunzi wetu wengi huhitimu wakiwa hodari wa kuchambua riwaya na ushairi, lakini wakipewa stakabadhi ya mizigo waieleze, hukwama. Ilhali katika nchi zetu zisizo na bahari, bidhaa nyingi hutufikia kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na Kiswahili ndicho lugha ya madereva, matanboi na mawakala njiani. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kifungu kinachohusu vitu vya hatari kinavyojengwa, na jinsi neno moja linavyoweza kuamua nani alipe hasara.

Dhana tatu zinazochanganywa

Kwanza, kuna kitu cha hatari, yaani kitu ambacho hatari yake imo katika asili yake. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa usafirishaji hugawa vitu hivyo katika makundi tisa: vilipukaji; gesi; vimiminika vinavyoshika moto; yabisi zinazoshika moto; vitu vinavyotoa oksijeni na kuchochea moto; sumu na vitu vya kuambukiza; vitu vyenye mionzi; vitu vinavyobabua kama asidi; na vinginevyo, zikiwamo betri za lithiamu.

Pili, kuna kitu kilichokatazwa. Hiki si lazima kiwe cha hatari kwa msafiri. Mfuko wa plastiki haulipuki, lakini Rwanda iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2008. Kinyume chake, petroli huwaka kwa cheche moja, nayo huuzwa kihalali katika kila mji. Kwa hiyo anayeandika "vitu vya hatari" akidhani amekwisha kutaja "vitu vilivyokatazwa" ameacha pengo.

Tatu, kuna kihatarishi, yaani hali inayoweza kuleta madhara: waya uliochunika, mtungi uliolazwa karibu na injini, mlango wa dharura uliozibwa na magunia. Neno "hatari" pekee hubebeshwa maana hizi zote, na mkataba hauwezi kustahimili mzigo huo.

Muundo wa kifungu

Mfano mzuri ni Kanuni za The Hague za mwaka 1924 kuhusu usafirishaji wa bidhaa kwa meli. Bidhaa inayoshika moto, kulipuka au kuwa ya hatari ikipakiwa bila msafirishaji kujua asili yake na kuikubali, anaweza kuishusha, kuiharibu au kuiondolea madhara bila kulipa fidia, na aliyeipeleka hubeba hasara itokanayo na upakiaji huo. Ikiwa msafirishaji aliijua na kuikubali, bado anaweza kuishusha au kuiharibu pindi inapohatarisha meli au shehena. Lakini hapo kanuni haimtwishi mtumaji mzigo ule wa awali. Hivyo basi, kinachotenganisha hali hizi mbili ni taarifa. Kifungu kamili huwa na sehemu tatu: katazo, wajibu wa kutoa taarifa, na matokeo ya ukiukaji.

Mfano wa kuchambua

Tumetunga kifungu kinachofanana na vile vya stakabadhi za mabasi: "Ni marufuku kupakia vitu vya hatari kama vile petroli, gesi na kadhalika. Mizigo yote husafirishwa kwa hatari ya mwenyewe."

Hebu tukitazame. Kitenzi "kupakia" hakina mtenda. Mtumaji hukabidhi mzigo ofisini. Anayepakia ni tanboi. Je, nani aliyekatazwa? "Na kadhalika" nayo haisemi mpaka wake: je, inajumuisha betri ya gari yenye asidi, au dawa ya kuulia wadudu? Vipi kuhusu mtungi wa gesi uliokwisha? Mtu wa kawaida atasema ni mtupu, lakini wataalamu huuhesabu kuwa wa hatari mpaka usafishwe, kwa sababu masalio ya gesi humo ndani yanaweza kuwaka. Na "mwenyewe" ni nani, mwenye mzigo au mwenye basi?

Ifahamike kwamba kanuni ya zamani ya sheria za mikataba husema kuwa utata hufasiriwa dhidi ya aliyeandika. Kwa hiyo kampuni inayodhani kwamba imejikinga kwa maneno ya jumla yaweza kujikuta ikilipa. Na abiria aliyeketi juu ya mtungi uliofichwa hatasaidiwa na ufasiri wowote.

Pendekezo letu ni hili: "Mtumaji hatakabidhi kwa msafirishaji kitu chochote kinacholipuka, kinachoshika moto kwa urahisi, chenye sumu au kinachobabua, wala chombo kilichokuwa na kitu hicho na ambacho hakijasafishwa, bila kumwarifu msafirishaji kwa maandishi na kupata kibali chake. Mtumaji akikiuka sharti hili, atalipa hasara yote itakayotokana na kitu hicho." Mtenda anajulikana, tabia za kitu zimetajwa badala ya majina machache, na matokeo yako wazi.

Darasani

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi stakabadhi au mkataba wa bweni na kuwauliza maswali manne: Nani anakatazwa? Anakatazwa kufanya nini hasa? Orodha inaishia wapi? Akikiuka, kinafuata nini? Wanafunzi wakiandike upya kifungu hicho, kisha wakisome mbele ya mtu asiye mwanasheria na kumwomba aeleze alichoelewa. Mada za sarufi kama kauli ya kutendwa, virejeshi na viunganishi "na", "au" na "wala" hupata uhai katika zoezi hili.

Hitimisho

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kueleza hatari. Kinachohitajika ni waandishi waliozoezwa kuyapambanua. Ikiwa tutafundisha umakini huu, mwanafunzi wetu ataweza kumweleza mfanyabiashara anachotia sahihi kabla mzigo haujaondoka, si baada ya moto kuwaka.