Maji Katika Njia Nyembamba: Pipeti za Maabara na Mchanga wa Kitui na Makueni

Pipeti ya kioo inayotumika katika majaribio ya kiwango cha nano, yaani kiwango cha vitu vinavyopimwa kwa sehemu za bilioni za mita, hutengenezwa kwa kuupasha moto mrija mwembamba katikati na kuuvuta pande zote mbili hadi ukatike, kila nusu ikabaki na ncha ambayo tundu lake laweza kuwa na upana usiofika nanometa 100, ilhali unywele wa binadamu una unene wa nanometa zipatazo 80,000. Ndani yake hutiwa maji ya chumvi yanayopitisha umeme, ili mkondo unaopita nchani uweze kupimwa. Kwa pipeti za aina hiyo, ingawa zenye ncha pana zaidi, Erwin Neher na Bert Sakmann wa Ujerumani walipima mwaka 1976 mkondo wa umeme unaopita katika kijitundu kimoja cha utando wa seli, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1991.

Ugumu wa kutumia pipeti za nano huanzia kwenye kuzijaza. Maji hushikamana na kioo na kujivuta kukifuata, na mvuto huo, unaoitwa nguvu ya kapilari, huongezeka kadiri njia inavyokuwa nyembamba: mrija wenye nusukipenyo cha milimita 0.5 huyapandisha maji sentimita 3 hivi, ule wa milimita 0.05 huyapandisha sentimita 30, na katika tundu lenye nusukipenyo cha nanometa 50 mvuto hufikia takribani mara 28 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Kwa hesabu hiyo ncha ingepaswa kujijaza yenyewe, lakini wembamba unaovuta maji ndio huohuo unaoyazuia, kwa sababu upana wa njia ukipungua kwa nusu, kiasi kinachopita kwa msukumo uleule hupungua mara 16. Tena, maji yanapotiwa kwa nyuma hufungia hewa mbele yake, na hewa hiyo haina pa kutokea ila kwenye kile kitundu kisichoonekana kwa macho. Ndiyo maana watengenezaji huunganisha ndani ya mrija uzi mwembamba wa kioo, ili maji yatambae kwenye pembe zake hadi nchani huku hewa ikirudi nyuma. Pale uzi usipotosha, upande mmoja wa pipeti hupashwa moto kuliko mwingine, mvuke ukahamia upande wa baridi na kugeuka maji, na kiputo cha hewa kikasukumwa kidogo kidogo.

Kanuni hiyo, kwamba njia nyembamba huyavuta maji na papo hapo kuyazuia, haiishii maabarani. Katika Kaunti za Kitui na Makueni, ambako mito mingi hutiririka wakati wa mvua tu kisha ikabaki mchanga mtupu, ndiyo inayoamua kama jamii itapata maji mwezi wa Septemba. Mabwawa ya mchanga, ambayo ni kuta za zege au mawe zinazojengwa juu ya mwamba kukata mkondo wa mto, yameenea Ukambani, eneo zilimo kaunti hizo, kwa juhudi za vikundi vya wananchi pamoja na mashirika kama SASOL la Kitui na lile la Utooni, lililoanzishwa mwaka 1978 na Joshua Mukusya. Mafuriko huleta mchanga na tope. Mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, tope jepesi likapita juu, na baada ya misimu kadhaa ya mvua bwawa hujaa mchanga ambao asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wake ni nafasi za kukaa maji.

Mtu asiyezoea angedhani tope laini lingefaa zaidi, kwa kuwa nalo lina nafasi nyingi, tena lashika maji barabara. Kushika huko ndiko hasara yenyewe. Vijia vya tope ni vyembamba mno, hivyo huyang'ang'ania maji yasichuruzike kisimani, na papo hapo huyapandisha juu hadi jua liyakaushe. Mchanga mnene una vijia vipana: maji hayapandi mbali, tabaka la juu hukauka na kuwa kifuniko, na yaliyo chini hutoka kwa wepesi anayeyahitaji anapochimba. Kwa hiyo fundi anayejenga ukuta kwa hatua, akiuongeza kimo msimu baada ya msimu ili tope lipite na mchanga ubaki, anachagua upana wa vijia, sawa na mtaalamu wa pipeti, ila kwa lengo la kinyume.

Mchanga huohuo mnene ndio unaotafutwa na wajenzi wa Nairobi, na kwa sababu hiyo Makueni ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga. Lori likiondoa mtoni mita za ujazo 10 za mchanga, limeondoa pia nafasi ya kuhifadhia maji lita 2,500 hadi 4,000.