Kuunganisha Mizani ya Kielektroniki na Kompyuta

Wanunuzi wengi wa mazao hupenda uzito uende moja kwa moja kutoka kwenye mizani hadi kwenye kompyuta, ili stakabadhi ichapishwe bila mtu kunakili tarakimu kwa mkono. Kwa mizani nyingi, kiungo hicho ni kebo ya siriali ya mfumo wa RS-232. Kebo ikifungwa vibaya, kifaa kinaweza kuharibika. Programu ikipangwa vibaya, mkulima anaweza kupunjwa bila mtu yeyote kukusudia.

Waya tatu

Kwenye kiunganishi cha pini 9 cha kompyuta, pini 2 hupokea taarifa, pini 3 hutuma, na pini 5 ni ya ardhi. Kanuni ni kwamba pini inayotuma iunganishwe na inayopokea. Mizani ikituma kwa pini 3, waya za pini 2 na 3 zipishanishwe. Ikituma kwa pini 2, zinyooshwe. Pini 5 huunganishwa na ardhi ya mizani.

Tunashauri usikisie. Soma kwanza mwongozo wa mizani. Ukikosekana, mwombe fundi apime volti kwa maltimita kabla ya kuunganisha. Mizani ikiwa imewashwa na haitumi kitu, pini yake ya kutuma huonyesha takriban volti 5 hadi 15 hasi dhidi ya ardhi. Ya kupokea huwa karibu na sifuri. Pini ya kutuma ikionyesha volti 3.3 au 5 chanya, huenda huo si mfumo wa RS-232: usiunganishe moja kwa moja, bali tafuta kigeuzi kinachofaa.

Mipangilio

Kasi, kwa mfano biti 9600 kwa sekunde, pamoja na mipangilio mingine ya mawasiliano, lazima ilingane pande zote mbili. La sivyo kompyuta itaonyesha herufi zisizosomeka au isionyeshe kitu. Kebo isizidi takriban mita 15.

Kabla ya kuanza biashara

Pima mawe ya uzito unaojulikana, mepesi na mazito, ukilinganisha kioo cha mizani, kompyuta na stakabadhi. Angalia hasa nukta ya desimali. Hakikisha pia kwamba programu haichukui uzito kabla mizani haijatulia, kwani kosa hilo halionekani kwa urahisi na hujirudia kila gunia.

Usikate wala kufungua lakiri ya mkaguzi ili kupitisha waya. Ikiwa kiunganishi hakifikiki bila kufanya hivyo, wasiliana nasi kwanza.

Tunawakumbusha wauzaji na wanunuzi kwamba kioo cha mizani kinapaswa kuonekana na pande zote mbili. Stakabadhi ikitofautiana nacho, simamisheni upimaji hadi kosa lipatikane.