Kompyuta iuzwe kwanza, maharage yasubiri

KWA familia nyingi za Murungu, wilayani Kibondo, habari kwamba kijana amechaguliwa kujiunga na chuo kikuu huja na orodha ya mahitaji. Zamani orodha hiyo iliishia kwenye godoro, ndoo na sanduku la bati. Siku hizi imo pia kompyuta mpakato. Pale ambapo kijana tayari anayo ya zamani, aliyoinunua wakati akisomea stashahada au aliyoachiwa na kaka yake, mjadala wa nyumbani huwa mmoja: iuzwe na kuongezewa fedha ipatikane nyingine, au aende nayo hivyo hivyo?

Mjadala huo uliongezeka uzito Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa programu yake ya Windows 10. Mashine hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinaandika na kuchapa kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya usalama, yale yanayoziba matundu wanayopitia wadukuzi na virusi, ingawa kwa watumiaji wa kawaida kampuni hiyo iliweka utaratibu wa nyongeza wa hadi Oktoba 2026.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti magumu zaidi. Inataka memori isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. Kizazi hicho kilianza kuingia sokoni mwaka 2017. Mashine za mtumba zilizotengenezwa kabla ya hapo, ambazo zimewasomesha vijana wengi, ziko nje ya mstari.

Hapo ndipo wengi hupata hasara. Kijana akisikia mashine yake imepitwa na wakati, huibeba hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, akaiuze Kariakoo. Huko anakuwa mgeni mwenye haraka, mbele ya mfanyabiashara mwenye mashine za aina hiyo hiyo zimejaa kabatini. Bei atakayopewa anaweza kuikisia mwenyewe kabla hajafungua begi.

Ukweli ni kwamba mnunuzi mzuri wa kompyuta hiyo yuko huku huku Kibondo na Kasulu. Yupo mwenye steshenari anayechapa barua za maombi na mikataba ya mashamba. Yupo kijana wa kibanda cha kurushia nyimbo na filamu kwenye flashi. Yupo mwalimu wa shule ya msingi anayetunga mitihani, na katibu wa chama cha ushirika anayetaka kuondokana na daftari la mistari. Hawa hawaulizi habari za Windows 11. Wanauliza kama inachapa, kama kibodi iko kamili na kama betri inakaa na chaji.

Suala la betri lina uzito wake katika nyanda hizi. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, kabla gridi ya Taifa haijafika katika miaka ya 2020, na hata sasa umeme unapokatika mteja akiwa kaunta, mwenye mashine inayokaa na chaji ndiye anayemaliza kazi. Muuzaji anaweza kuonyesha hali ya betri kwa ushahidi badala ya maneno. Kwenye Windows kuna amri iitwayo powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ripoti ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo ilio nao sasa. Betri ikiwa imechoka, bei ishuke mapema kuliko kugombana baadaye.

Lakini kabla ya kutafuta mnunuzi, mashine ichunguzwe. Namba iliyo baada ya jina la prosesa inasema mengi. i5-4300U ni ya kizazi cha nne, i5-8250U ni ya nane, na i5-1135G7 ni ya 11. Tangazo linalosema "Core i5" tu, bila namba hiyo, halijasema kitu; i3 ya kizazi cha nane inaweza kuipita i5 ya kizazi cha nne. Yule ambaye mashine yake ni ya kizazi cha nane na inasuasua kwa sababu ya memori ndogo na diski ya kuzunguka, asiuze. Akiweka diski ya SSD na memori ya gigabaiti 8, kwa gharama ndogo kuliko ya kununua nyingine, anaweza kufika nayo mwaka wa mwisho. Hata ya kizazi cha sita au cha saba, kwa anayesomea ualimu, sheria au historia, inaweza kuwekewa Ubuntu na LibreOffice, ambazo ni za bure. Kwa wa uhandisi au usanifu majengo hali ni tofauti, kwani programu kama AutoCAD haitaki mashine dhaifu wala haiendeshwi kwenye Ubuntu.

Kwa anayelazimika kuuza, swali linalobaki ni lini. Katika nyumba ya mkulima kuna mali mbili zinazoweza kugeuzwa fedha za chuo, na zinakwenda kinyume. Kompyuta hushuka thamani kila mwezi inaokaa. Maharage kwa kawaida huwa na bei ya chini wakati wa mavuno, kila nyumba inapouza, na hupanda kuelekea Oktoba mvua zinapokaribia na watu wanapotafuta mbegu na chakula. Hata hivyo, kaya nyingi hufanya kinyume: huuza maharage shambani, tena kwa lumbesa, na kuiacha kompyuta hadi wiki ya safari.

Chukua hesabu ya mfano tu, wala si bei ya soko. Mashine ya zamani inauzika Sh280,000 mwezi Julai na inayotakiwa ni ya Sh700,000. Pengo ni Sh420,000. Maharage yakiwa Sh1,800 kwa kilo, zinahitajika kilo 233 kuliziba. Yakifika Sh2,400, zinatosha kilo 175. Tofauti ni kilo 58, karibu debe tatu zilizobaki nyumbani. Kompyuta ikisubiri hadi Oktoba na kuuzwa Sh230,000, pengo linakuwa Sh470,000, na hata kwa bei hiyo nzuri ya maharage zinahitajika kilo 196.

Si kila mwaka bei hupanda, na maharage yasiyotunzwa vizuri hubunguliwa yakaisha. Lazima yakauke sawasawa kisha yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, kila tabaka likifungwa peke yake ili wadudu wafe kwa kukosa hewa. Panya akitoboa mfuko, kazi imeharibika.

Kuuza mapema nako kuna gharama yake. Maombi ya vyuo na ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hufanyika kwa mtandao, mara nyingi katika miezi hiyo hiyo, kwa hiyo kijana atalazimika kulipia steshenari. Vyeti na nyaraka zake vihifadhiwe kwenye flashi mbili. Fedha za mauzo nazo zisikae kwenye simu, ambako kila msiba na kila mgonjwa utazipunguza. Ni heri ziingie benki au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Wapo wanaosema kijana atajazia kwa "bumu" akifika chuoni. Mwongozo wa mikopo wa mwaka 2023/24 uliweka fedha za chakula na malazi kuwa Sh10,000 kwa siku, yaani Sh600,000 kwa siku 60. Anayetoa Sh400,000 hapo akanunue mashine atakula nini, hilo halielezwi.

Tahadhari nyingine ni kwa maduka ya kubadilishana kwa kuongeza fedha. Muuzaji huisifu mashine ya mteja na kuipa bei ya kuridhisha, kisha hupandisha ile anayoitoa. Dawa yake ni kuuliza kwanza bei ya mashine mpya kwa fedha taslimu, bila kutaja kwamba kuna ya zamani begini.

Mauzo yenyewe yafanyike kwa maandishi. Simu bandia zilifungiwa nchini Juni 2016 kwa kutumia namba zake za IMEI, lakini kompyuta hazina utaratibu huo, na kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu. Mnunuzi mwangalifu atataka hati, na muuzaji mwaminifu itamlinda pia siku mashine hiyo ikikutwa mikononi mwa mwingine. Hati iwe na majina na namba za vitambulisho vya Taifa vya pande zote mbili, aina ya mashine, namba yake iliyobandikwa chini, bei na tarehe, na isainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Kabla ya kukabidhi, mwenye mashine atoke kwenye akaunti zake zote, kisha achague katika mipangilio kufuta kila kitu pamoja na kusafisha diski. Kufuta mafaili tu hakutoshi, kwani fundi mwenye programu ya kurejesha anaweza kuyarudisha, zikiwemo picha za familia.