Liemba ya sentimita 71: Ukiunda meli ndogo, utaijua meli kubwa

Na Mwalimu Mrejea, Rumonge

KATIKA darasa letu hapa Rumonge kuna meli imeegeshwa juu ya kabati la vitabu. Urefu wake ni sentimita 71 na milimita 4, upana wake sentimita 10. Mbavu zake ni za upongoo wa mchikichi, ngozi yake ni katoni, mlingoti wake ni spoku ya baiskeli na dohani yake ni ganda la kalamu nene ya wino. Ubavuni imeandikwa jina ambalo kila mfanyabiashara wa ziwa hili analijua: LIEMBA.

Kazi hiyo ilituchukua miezi saba, mimi na wanafunzi kumi na wawili, Jumamosi baada ya Jumamosi. Wapo walionicheka. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, mwenye watoto na shamba la kupalilia, hata nishinde nikigundisha maboksi. Makala haya ni jibu langu kwake. Ni jibu pia kwa wasomaji waliorejea kama mimi, na kwa wale wanaovuka mpaka kila wiki kutafuta riziki.

Mchezo wa watu wazima

Sisi tuliokulia Mishamo, Katumba na Ulyankulu tulitengeneza magari ya waya na malori ya makopo, matairi yake yakiwa vipande vya kandambili. Hivyo vilikuwa vitu vya kuchezea. Modeli ni kitu kingine, na tofauti yake ni moja tu: kipimo. Lori la kopo hufanana na lori. Modeli hulingana na chombo chenyewe sehemu kwa sehemu. Dirisha likiwa kubwa kupita kiasi, kazi imeharibika hata kama inapendeza machoni.

Ulaya, Marekani na Japani, kazi hii ni burudani ya watu wazima kama vile bao lilivyo kwetu. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939, ilianza kuuza vipande vya plastiki vya kuunga meli na ndege mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko Japani, jina linalojulikana zaidi ni Tamiya, ya mji wa Shizuoka. Ndege ndogo huundwa sana kwa skeli ya 1 kwa 72 au 1 kwa 48. Meli za vita, kwa kuwa ni ndefu mno, huteremshwa hadi 1 kwa 350 au hata 1 kwa 700 ili zitoshe mezani.

Isidhaniwe kuwa ni upuuzi wa matajiri. Mwaka 1942, vita kuu ya pili ikiwa imepamba moto, jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule nchini humo wachonge modeli 500,000 za ndege kwa skeli ya 1 kwa 72. Askari na marubani walizitumia kujifunza kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui. Hesabu yake ni rahisi: modeli ya aina hiyo ukiitazama kutoka mita 10, unaiona kama unavyoiona ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Kazi ya mikono ya watoto wa shule ikawa inalinda maisha ya watu.

Meli iliyokuja ndani ya makreti

Wanafunzi waliniuliza kwa nini tuanze na Liemba wakati ziko meli mpya na nzuri zaidi. Niliwajibu kwamba Liemba yenyewe ililetwa kwetu vipande vipande, kama modeli inavyouzwa dukani.

Ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikaitwa Graf von Goetzen. Baada ya kuungwa ilifumuliwa, ikafungwa ndani ya makreti yapatayo 5,000 na kusafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ilisafiri kwa reli kuelekea Kigoma. Mafundi watatu wa karakana hiyo walikuja nayo, na kwa nguvu za wafanyakazi wengi wa Kiafrika ikaungwa upya kwa ribiti, bamba kwa bamba. Iliteremshwa majini Februari 5, 1915.

Haikudumu. Julai 26, 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini mafundi walikuwa wameipaka mashine grisi nene, kwa matumaini kwamba siku moja itaibuliwa. Grisi hiyo ilifanya kazi yake. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mashine zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli.

Kwa miongo mingi ikawa inakwenda kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama vijijini ambako hakuna gati na kuzungukwa na mitumbwi iliyosheheni dagaa na mananasi. Wafanyabiashara wanaosoma ukurasa huu wanayajua hayo kuliko mimi.

Skeli ilivyonikomboa

Mimi nilirejea nchini mwaka 2009 pamoja na wazazi. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Nilipopewa darasa hapa, siku ya kufundisha ramani nilisema "skeli" na wanafunzi wakanitazama tu. Wao walilijua neno la Kifaransa, échelle. Mimi sikulijua. Waliorejea wenzangu wanaifahamu aibu hiyo: unalijua jambo lenyewe vizuri, lakini huna jina lake mahali ulipo, basi unaonekana mjinga. Somo nililimaliza hivyo hivyo, kwa kusitasita.

Modeli haiulizi umesomea lugha gani. Nikawaambia wanafunzi: Liemba ina urefu wa mita 71.4. Hii hapa picha yake iliyopigwa kutoka ubavuni. Pimeni kwa rula. Wakapata sentimita 17.85. Gawanyeni. Wakapata kwamba kila sentimita 1 ya picha ni mita 4 za meli. Kwa kuwa tulichagua skeli ya 1 kwa 100, mita 4 za meli ni sentimita 4 za modeli. Basi chochote watakachopima kwenye picha, wakizidishe mara 4, watapata kipimo cha kukata.

Mvulana mmoja ambaye hesabu zilikuwa zimemshinda alipima dohani, mlingoti na madirisha, akaandika namba zake zote bila kukosea. Hakujua kwamba alikuwa akifanya uwiano, somo lile lile lililomwangusha kwenye mtihani.

Mama wa mgebuka anasahihisha

Kuna jambo nililokuwa nimewaficha wanafunzi. Mimi nimepanda Liemba, safari moja tu, Mei 2015. Tulikuwa tumekimbia kwa mara nyingine, kwangu mimi niliyezaliwa ugenini ikiwa mara ya kwanza kukimbia kwa miguu yangu mwenyewe. Maelfu ya watu tulirundikana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya ziwa na milima, ambako wakati huo hapakuwa na barabara ya gari. Kipindupindu kiliingia, na watu wakafa. Liemba ilikuja kutuchukua kutupeleka Kigoma, watu kama 600 kwa safari moja. Hapakuwa na gati, kwa hiyo tulipelekwa hadi ubavuni mwake kwa mashua ndogo.

Kichwani mwangu meli ile ilikuwa kama mji. Ningeapa kwamba ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 150, na kwamba tulipanda ngazi ya kamba mpaka juu kabisa, huku nikiwa nimembeba mama yangu mgongoni. Ndivyo nilivyosimulia miaka yote.

Siku moja mama mmoja anayeuza mgebuka, ambaye mwanawe yumo katika kundi letu, alipita darasani kumchukua kijana wake. Akaitazama modeli, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, umesahau mlango."

"Mlango upi, mama?"

"Wa ubavuni. Watu wanaingilia ubavuni, chini, si juu. Mimi nimeingiza mizigo pale miaka sita."

Nilimbishia. Nilimwambia nami niliingia meli hiyo kwa miguu yangu. Hakugombana nami. Aliomba tuitazame picha, akaweka kidole. Mlango ulikuwepo. Nilikuwa nimeupima pamoja na wanafunzi, tukadhani ni doa la kutu.

Nikakaa kimya. Mita 71 ni fupi kuliko uwanja wa mpira wa miguu. Meli haikuwa mji, wala ngazi ndefu haikuwepo. Mama yangu nilimbeba, hilo ni kweli, lakini nilimpitisha kwenye mlango ulio karibu na maji, na mikono ya watu ikampokea. Hofu ndiyo iliyoirefusha meli. Jumamosi iliyofuata tulikata ubavu wa modeli na kuweka mlango.

Huo ndio ubora wa kazi hii, na ndilo jibu ninalompa jirani yangu. Masimulizi yanaweza kuongezwa chumvi bila msimuliaji kujua. Modeli haikubali chumvi. Inakulazimisha kupima, kuhesabu, na kumuuliza anayejua, hata kama yeye ni mchuuzi na wewe ni mwalimu. Sisi tuliokimbia na kurudi tuna masimulizi mengi, na watoto wetu wanayarithi kama tulivyoyasema. Ni vema wakarithi na vipimo.

Vifaa vinapatikana

Anayetaka kuanza asingoje vipande vya plastiki kutoka Ulaya. Upongoo wa mchikichi ukikaushwa kivulini kwa wiki mbili huwa mwepezi na hukatika vizuri kwa wembe. Katoni nyembamba za biskuti hufaa kwa kuta, na nene kwa sitaha. Waya wa shaba kutoka redio mbovu hutengeneza vyuma vya kushikia pembeni mwa sitaha. Vinavyohitaji fedha ni vinne tu: gundi ya mbao, msasa laini, rangi na rula ya chuma. Wanaovuka Mugina kwenda Manyovu wanaweza kuvileta ndani ya mkoba bila kutafuta lori.

Anza na mkuku, yaani mti wa chini unaobeba meli nzima. Simamisha mbavu juu yake, ukihakikisha hazipindi, kwa maana kosa la milimita 1 hapo ni kosa la sentimita 10 kwenye meli halisi. Ngozi ifuate, halafu sitaha, na rangi iwe ya mwisho. Gundi iachwe ikauke usiku kucha. Wengi huharibu kazi kwa haraka, si kwa kukosa ujuzi. Kisu ashike mkubwa, na mtoto akate kuelekea nje, kamwe asikate kuelekea mkononi.

Anayependa ndege achague yenye umbo rahisi. Wanafunzi wangu sasa wanapima Q400, ndege ya mapangaboi ya aina ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea mwaka 2016. Ina urefu wa mita 32.8 na mabawa ya mita 28.4. Kwa skeli ya 1 kwa 72, hiyo ni sentimita 45.6 kwa 39.4. Inatosha juu ya dawati moja.

Njiti 600

Liemba yetu ilipokwisha kupakwa rangi, wanafunzi walitaka kuweka abiria. Mtu wa mita 1.7 kwa skeli yetu ni milimita 17, chini kidogo ya nusu ya njiti ya kiberiti. Nikawaambia basi waweke 600, kama safari ile. Walicheka, wakaanza kukata. Njiti moja watu wawili, njiti 300.

Kufikia watu 200 kicheko kiliisha. Sitaha ilijaa wakiwa bado hata nusu hawajafika. Tuliinua paa, tukajaza ndani. Tulijaza kwenye mlango wa ubavuni. Watu wakasimama bega kwa bega kutoka omo hadi tezi, na bado kiganja kizima cha vijiti kilibaki mezani.

Msichana mmoja aliyezaliwa mwaka 2014, na ambaye naye alipita Kagunga, aliinua mkono.

"Mwalimu, watoto wa mgongoni tunawahesabu?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Tukachukua wembe, tukakata vipande vya milimita 5, tukaanza kuwagundisha mmoja mmoja kwenye migongo ya mama zao. Msichana yule alichagua wa kwake mwenyewe, akamweka karibu na mlango.