Kalibu ya Bastola: Neno na Uchaguzi wa Silaha Ndogo katika Bonde la Upemba

Mkazi wa Kinkondja, kando ya Ziwa Kisale, akitaja ukubwa wa risasi hutumia neno la Kifaransa, kalibre, kama alivyolisikia kwa askari na kwa wauza duka. Fundi wa zamani wa pwani, aliyeyeyusha madini na kuyamimina ili yagande kwa umbo alitakalo, alikiita chombo chake kalibu. Ni watu wawili walio mbali sana, lakini neno lao ni moja. Makala haya yanakusudia kulifuata neno hilo hadi kwenye kitu chenyewe, yaani bastola ndogo ya kuchukuliwa porini na ya kuwindia wanyama wadogo. Jambo hili halihusu wanaisimu peke yao. Wanafunzi na watafiti wetu huenda nyanjani katika bonde la Upemba, na mara kwa mara huuliza kama inafaa kubeba silaha ndogo, na ya namna gani. Mtu asiyejua maana ya namba iliyopigwa chapa juu ya mtutu anaweza kurudi bila kitoweo, au silaha ikampasukia mkononi.

Tuanze na neno. Waarabu husema qalib kwa maana ya kiolezo cha kumiminia, na wanaisimu huona kwamba wao walilipata kwa Wayunani, waliokuwa wakitaja kwa neno hilo kigogo cha mshona viatu. Kutoka Kiarabu neno liliingia Ulaya likawa calibre, na kwa njia nyingine likaingia pwani yetu likawa kalibu. Ulaya ilisahau chombo ikabaki na kipimo, nasi tulikumbuka chombo. Katika fikra zetu sisi tuna faida, maana uhusiano wa mambo matatu unaonekana waziwazi katika neno letu: ukubwa wa kalibu ndio ukubwa wa risasi, na ukubwa wa risasi ndio unaoamua mtutu. Kwa sababu hiyo tunapendelea kusema kalibu ya bastola kuliko kipenyo cha mtutu, istilahi ambayo ni sahihi kwa mhandisi lakini, kama tutakavyoona, humdanganya mnunuzi.

Maneno mengine ya silaha nayo yana safari zake. Risasi kwanza ni jina la madini, ndipo likawa jina la kile kinachotoka mtutuni. Huku Kongo limekuwa masasi, katika Kiswahili na katika Kilingala. Bunduki ni neno la Kiarabu lililotokana na jina la aina ya kokwa, kwa kuwa silaha za kwanza za aina hiyo zilirusha vidonge vya mviringo. Fataki, ambayo kwa watoto wa leo ni mlipuko wa sikukuu, kwa babu zao ilikuwa kile kikofia kidogo kinachowasha baruti kikigongwa. Neno ambalo halitoshelezi ni bastola. Kamusi zetu hulitumia kwa silaha mbili zilizo tofauti: ile ambayo risasi zake zimepangwa katika kasha ndani ya mpini, na ile yenye silinda inayozunguka, kila tundu likibeba risasi yake. Hii ya pili ndiyo iliyopewa hataza na Samuel Colt huko Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836. Katika makala haya tutaiita rivolva, tukingoja jina lililo bora zaidi.

Namba zinazowachanganya watu zilikuja kwetu kwa milango mitatu. Wa kwanza ni ule wa gobori. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kutoka pwani ya mashariki kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulitaka kuuzuia mto huo kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa Ikweta, eneo linaloimeza Katanga yote. Hata hivyo uliruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti hafifu ya biashara. Hii ni sababu mojawapo ya gobori kudumu vijijini wakati silaha za kisasa zilikuwa za serikali. Bunduki za namna hii zilipimwa kwa uzito, na kipimo hicho kimebaki katika bunduki za marisau. Inaposemwa "kalibu 12", maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi, ikigawanywa mafungu 12 sawa, hutoa vidonge 12 ambavyo kila kimoja huenea mtutuni. Kidonge kimoja huwa na gramu 38 hivi na upana wa milimita 18.5. Basi namba ikizidi, mtutu hupungua: kalibu 16 ni nyembamba kuliko 12, na 20 ni nyembamba zaidi. Tumewahi kumsikia mtu mwenye elimu akisifu bunduki ya 20 kwa kudhani ni kubwa kuliko ya 12.

Mlango wa pili ni wa Wabelgiji. Kiwanda cha FN cha Herstal kilianzishwa mwaka 1889, na bastola zake zilizobuniwa na John Browning zilihesabiwa kwa milimita. Mlango wa tatu ni wa Waingereza na Wamarekani, ambao hugawanya inchi katika sehemu 100: 22 ni inchi 0.22, au milimita 5.6. Kongo imepakana na nchi zilizotawaliwa na Waingereza, kwa hiyo namba za milango hiyo mitatu hukutana katika soko moja. Risasi ile ile ya Browning iitwayo 7.65 Ubelgiji huitwa 32 Marekani, ingawa ukipiga hesabu inchi 0.32 ni milimita 8.1. Hata 38 si 38: risasi ya 38 Special ina upana wa inchi 0.357 tu.

Hapa ndipo tunaposema kwamba kipenyo humdanganya mnunuzi. Ziko risasi kadhaa zinazoitwa 38. Ile ya rivolva za zamani za Uingereza, za Webley na Enfield, ni fupi na nene kidogo kuliko 38 Special, wala haifai kuingizwa katika silaha isiyo yake. Rivolva ya 357 Magnum, kalibu iliyotokea mwaka 1935, hupokea 38 Special bila matata, kwa kuwa ganda la 38 Special ni fupi na upana ni ule ule. Kinyume chake hakiwezekani wala hakifai kulazimishwa. Vivyo hivyo 22 Long Rifle ya mwaka 1887 na 22 Magnum ya mwaka 1959 zinalingana kwa jina la upana, lakini ganda la Magnum ni nene zaidi. Ukiitia ile ndogo katika silinda ya ile kubwa, ganda huvimba na huweza kupasuka. Anayenunua hana budi kulisoma jina zima lililo juu ya mtutu, kisha jina zima lililo chini ya ganda au juu ya kasha, na yakihitilafiana aache.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Bonde la Upemba ni pale ambapo mto Lualaba unatawanyika katika maziwa na mafunjo, na watu wa Kinkondja ni wavuvi kwanza. Wanyama wadogo wa huko ni bata, kanga na kwale wa nchi kavu, ndezi wa kwenye matete, na sungura. Wakubwa ni kiboko na mamba. Mchaguzi yampasa ajiulize ni wapi kati ya hawa anaowafikiria, kwa kuwa hakuna silaha ndogo inayowatosha wote.

Tumtoe kwanza kiboko, ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 1,500. Risasi ya 22 Long Rifle ina gramu 2.6, na ikitoka katika rivolva yenye mtutu wa inchi 4 hubeba nguvu ya jouli 100 hivi. 38 Special ya kawaida, yenye gramu 10, hubeba kama 270. Bunduki ya 375 ambayo wawindaji wa nyati huihesabu kuwa ya chini kabisa kwa wanyama hao hubeba zaidi ya 5,500. Kwa hiyo mtu anayevaa rivolva ndogo kiunoni ili imkinge na kiboko amejinunulia ujasiri wa uongo, na ujasiri huo ndio utakaomsogeza karibu mno na mnyama. Kinga yake ni ile wanayoijua wavuvi: kutozipita njia za viboko jioni, na kuuweka mtumbwi kwenye maji madogo.

Kwa wanyama wadogo mambo ni mengine. 22 ina mlio mdogo kuliko wenzake, haiharibu nyama, haitingishi mkono, na risasi 50 hazizidi gramu 170 mfukoni, hali 50 za 38 Special zinakaribia robo tatu ya kilo. Jambo hili si dogo kwa mtu anayetembea kutwa. Ila ina ila yake. Fataki ya 22 imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na mara nyingine nyundo hugonga mahali isipofika, risasi ikagoma. Hapo ndipo rivolva inapoishinda bastola ya kasha: ukivuta tena, silinda hugeuka na kuleta risasi nyingine, wala huna haja ya kuondoa iliyogoma kwa mikono yenye matope.

Kama ningetakiwa kutaja moja tu, ningetaja rivolva ya 22 Long Rifle yenye mtutu wa inchi 4 na vilengeo vinavyoweza kurekebishwa. Mtutu wa inchi 2 huvutia kwa wepesi, lakini umbali baina ya vilengeo vyake ni mfupi mno, na kosa dogo la jicho huwa kubwa kwa ndege. Mtu anayejua kupakia risasi zake mwenyewe anaweza kuchukua 38 Special yenye risasi ya ncha bapa na mwendo wa pole, ambayo humwangusha ndezi wa kilo 4 bila kumchanachana. 357 kamili itambakiza miguu. Vyovyote iwavyo, rivolva ni silaha ya hatua 15 au 20. Bata anayeruka si wa rivolva kamwe. Huyo ni wa marisau.

Kwa kweli historia ya Katanga yenyewe inaonyesha silaha hii ilitengenezwa kwa umbali gani na kwa shabaha ipi. Tarehe 20 Desemba 1891, kusini mwa Kisale, karibu na Bunkeya, Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs alimuua Mwami Msiri kwa rivolva wakiwa wamesimama uso kwa uso, na yeye mwenyewe akapigwa risasi na mtu wa Msiri akafa. Masimulizi ya Wayeke hayalingani na ya msafara kuhusu namna ugomvi ulivyoanza. Kuhusu silaha na umbali hakuna ubishi. Rivolva ilizaliwa kuwa silaha ya mtu dhidi ya mtu, na uwindaji ni kazi iliyoongezewa baadaye. Waluba, ambao humtaja mwindaji Mbidi Kiluwe katika chanzo cha ufalme wao, walimheshimu kwa uta wake, na vibao vya kuwekea nyuta ni miongoni mwa kazi zao za sanaa zinazojulikana zaidi duniani.

Asili hiyo ya rivolva ina matokeo hadi leo. Sheria ya silaha ya Kongo, Amri-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inamtaka mtu binafsi awe na kibali, na uwindaji una sheria yake, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Mbuga ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, haiwindwi kwa silaha yoyote. Zaidi ya hayo, kaskazini mwa Katanga pamekuwa na vita vya Mai-Mai, na nchi iliyo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto iliitwa pembetatu ya mauti. Anayekutwa njiani na bunduki ndefu ya marisau begani hueleweka kuwa mwindaji. Anayekutwa na silaha iliyofichwa chini ya shati hupewa maana nyingine kabla hajafungua kinywa, hata akiwa na karatasi zote. Kwa mtafiti mgeni, ushauri wetu ni kutobeba kabisa, na kumlipa mwenyeji anayeijua njia.

Limebaki jambo la marisau. Yanayokosa ndege huzama katika matope, na bata huyameza wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula. Madini ya risasi huwasumisha. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku marisau ya risasi katika maeneo ya maji tangu Februari 2023, na mahali pake hutumika ya chuma. Yakifika Kisale, watunga kamusi watakuwa na kazi ya kueleza risasi isiyo na risasi ndani yake. Gobori na mitutu mikongwe isitiwe marisau hayo, kwa kuwa chuma hakibonyei kama risasi, na mtutu laini huchubuka au hutanuka mdomoni.